Kitambaa Cheupe cha Geti la Mkavu

Maji yalikuja bila sauti ya maji. Yalikuja na sauti ya kuni, kama mtu anavunja vijiti kwenye goti, halafu vijiti vikawa magogo. Nilikuwa nimechuchumaa katikati ya mto wa mchanga, dumu langu tupu mkononi, nasubiri zamu yangu ya kuchota. Nikainua macho nikaona ukuta wa rangi ya chai ya maziwa unakuja na miti ndani yake. Baba Anjela, dereva wetu, alikuwa amesimama nyuma ya gari. Kwa wenzangu alipiga kelele wakimbilie ukingoni. Mimi niliyekuwa mbali zaidi aliniambia, "Mama Zuhura, usiachie dumu!" Halafu akaruka ndani ya gari kumtoa Bi Somoe, mama mtu mzima aliyekuwa amesinzia kiti cha nyuma.

Dumu lile lilikuwa tupu, likaelea, ndiyo maana nipo. Bi Somoe alisukumwa nje akashikwa mkono na wenzake, na mpaka leo yuko kwao Makote anabangua korosho. Baba Anjela walimkuta kesho yake, chini sana, mchanga umemfika kifuani.

Haya. Nirudi nyuma sasa, maana hadithi ikianzia kwenye msiba msikilizaji anasahau kwamba kulikuwa na watu waliokuwa wakicheka.

Mimi ni Mama Zuhura, wa Kitangari, huku juu Newala. Shule niliishia darasa la tano; mwandiko wangu ni wa kuku, na anayeusafisha ni Zuhura mwenyewe, akinisomea nikimkemea. Miaka mingi nimekuwa mpishi wa safari kwenye ofisi ndogo ya pale Masasi iliyokuwa inapeleka wageni hifadhini. Kazi niliiacha kwa ajili ya mguu, si kwa uzee. Uzee bado nausikia kwa jirani.

Juzi walikuja nyumbani vijana wawili, wa kike na wa kiume, wametoka chuo cha utalii, shikamoo zao nzuri, viatu wamevua mlangoni. Yule wa kike akasema, "Mama, tumeambiwa wewe unaijua njia ya Geti la Mkavu. Tunapanga safari, tupeleke wageni wetu wa kwanza."

Nikamuuliza, "Nani kakwambia lile geti lipo?"

Akanigeuzia simu. "Hili hapa, Mama. Inasema liko wazi."

Nikaingia ndani, nikajifanya natafuta sukari, na sukari ilikuwa mezani. Waliondoka wakidhani mama huyu ana kiburi. Basi nawajibu leo, ninyi wawili na wenzenu wote mnaotaka kazi hii, na wale ambao ningependa wasome watasoma pia.

Kwanza mjue geti lenyewe lilivyokuwa. Ninyi mkisikia lango la hifadhi mnaona nguzo mbili kubwa na tembo wa saruji. La Mkavu lilikuwa boriti moja iliyofungiwa jiwe mkiani ili iinuke kwa wepesi, kibanda cha bati, na mlingoti mrefu. Basi. Unatoka Masasi ukiacha ile milima ya mawe mgongoni, lami inakwisha, mikorosho inakusindikiza mpaka inachoka, halafu ni miombo tupu. Kijiji cha mwisho kina kisima kimoja na duka lisilo na mlango. Baada ya hapo ni mto, na geti liko ng'ambo. Nani atakwenda huko? Waliokwenda ni wale wageni wachache wasiopenda kuona wageni wenzao. Tungekaa kutwa, gari letu peke yake, palahala wanatutazama kama sisi ndio tumefugwa.

Mto wenyewe tuliuita Mkavu kwa kejeli. Juu ni mchanga, chini ya mchanga maji yanatembea, na mahali pengine yanachungulia yenyewe, meupe, baridi, unayaona mpaka kokoto. Ubaya wake ni kwamba mvua inayoujaza hainyeshi pale. Inanyesha huko juu mbali, na wewe umesimama juani huna hata wingu la kusingizia. Ndiyo maana kulikuwa na mlingoti. Askari wa kituo cha juu wakiona mto umeanza kubeba, wanawaita watu wa geti kwa redio, na watu wa geti wanapandisha kitambaa chekundu. Chekundu, subiri, hata kama mchanga unaungua. Cheupe, pita. Ilikuwa hivyo mvua na kiangazi tangu kabla sijaajiriwa. Hakukuwa na dereva, mwendesha baiskeli wala mchoma mkaa wa upande ule asiyejua kusoma kitambaa kile, hata wale wasiojua kusoma kitu kingine chochote.

Sasa Baba Anjela. Jina lake Bonifasi, Mmakua wa Chidya, dereva aliyelijua gari lile kuukuu la turubai kama mtu anavyojua kikohozi cha mkewe. Siku ya kwanza nilimkuta uvunguni. Nikasema, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mpishi mpya."

"Wa wapi?"

"Kitangari."

Akatoa kichwa. "Ala! Mtu wa juu! Leo utaona maji mengi mpaka uombe radhi."

Nikamjibu, "Na ninyi wa bondeni mnaooga kila siku, mbona hamtakati?"

Alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye chasisi. Tangu hapo hatukuwahi kusafiri bila kutukanana kidogo, na siku moja alipokuwa kimya njia nzima wageni waliniuliza kama tumegombana. Alikuwa na jino bovu.

Huyu ndiye aliyenifundisha kupanga safari. Mimi nilidhani kupanga ni kupakia. Safari yangu ya kwanza nilipakia vizuri sana: unga chini, mchele juu yake, halafu sufuria, halafu mahema, kila kitu kimekaa kama vyombo vya biarusi. Gari likapasua tairi kabla hata mikorosho haijaisha. Jeki iko wapi? Chini ya unga. Tulishusha harusi nzima barabarani, mbuzi wakaja kuonja mchele, na mgeni mmoja mwanamke akapiga picha makalio yangu nikiwafukuza. Baba Anjela hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Zuhura, pakia kwa kufuata matatizo, usifuate mlo." Kinachoharibika kwanza kikae karibu. Ninyi mnaandika mambo haya kwa wino wa rangi. Mimi niliandikiwa na mbuzi.

Jingine alilonifundisha ni kuuliza njia. Usimuulize mtu asiye na mzigo. Mwenye mikono mitupu atakwambia "hapo tu", maana anakupenda na hataki ukate tamaa. Muulize mwenye gunia kichwani. Shingo haidanganyi umbali. Na usiulize "geti liko wapi?" Geti liko palepale tangu lijengwe, halina miguu. Uliza, "Nani alitoka getini mara ya mwisho, na alisema nini?" Hapo utasikia kama daraja la magogo limeoza, kama kuna jike la tembo na mtoto njiani, kama askari wana njaa. Askari mwenye njaa anafungua geti polepole.

Ndiyo maana hatukuwahi kuondoka Masasi bila kutanguliza salamu. Baba Anjela alikuwa na marafiki zake wachoma mkaa wanaokuja mjini kwa baiskeli. Anampa mmoja chumvi kidogo na salamu za getini. Yule anapita kijiji cha mwisho, salamu inavuka mto, na mwingine anayekuja mjini anairudisha. "Issa anasema poa, anaomba vitunguu." Salamu ikirudi, geti lina watu. Isiporudi, hatuwashi gari. Kulikuwa na wageni waliokunja nyuso: gari lipo, mafuta yapo, tunasubiri nini? Baba Anjela anawaambia, "Tunasubiri kitunguu." Wanadhani Kiswahili chao ndicho kibovu.

Issa huyo alikuwa mlinzi wa geti, kijana mwembamba anayecheka kabla ya kichekesho. Kazi yake boriti na kitambaa. Msimu mmoja wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, mgeni wetu alinunua ndoo nzima njiani, akaiacha nyuma ya gari wakati tunaandikishwa kibandani. Nyani wakaja. Issa akatoka na fimbo, akijifanya shujaa mbele ya mgeni, na yule dume mkubwa akamwangalia, akachagua bibo moja jekundu, akamrushia. Lilimpasukia shatini. Na doa la bibo mnalijua, halitoki hata kwa kuapa. Shati lile la sare Issa alilivaa miaka yote, na kila tukifika Baba Anjela anapiga saluti kwenye doa, si kwenye cheo.

Nikikumbuka hayo nacheka mwenyewe jikoni, halafu najikuta nakoroga sufuria tupu. Mtaona kwa nini.

Mimi nami nilikuwa na elimu yangu, na hii sikufundishwa na dereva. Maji. Sisi tuliozaliwa juu tulikua tunayashukia chini ya mteremko na kuyapandisha kwa kichwa, mwanamke anafika nyumbani shingo imeingia mabegani. Siku hizi kuna mabomba, yanatoka yakitaka. Bibi yangu alikuwa anasema, kupita maji safi ukiwa na chombo kitupu ni kama kupita penye msiba usisalimie. Huo ni mwiko uliomo kwenye mikono yetu, haumo kichwani. Mtu wa Newala hata awe na mapipa yamejaa nyumbani, akiona maji meupe yamekaa bure, mkono unatafuta chombo. Kwa hiyo gari letu, kila likivuka Mkavu chini ya kitambaa cheupe, lilisimama katikati nichote. Baba Anjela alinung'unika mara ya kwanza, halafu akaonja chai niliyopika kwa maji yale. Baada ya hapo akawa anasimama mwenyewe, bila kuambiwa, na kunitania: "Shuka ukasalimie msiba."

Wageni wote walishuka hapo. Ilikuwa sehemu waliyoipenda kuliko simba.

Sasa nije kwa mwenye ofisi. Anaitwa Fulko. Nalitaja jina kwa sababu na yeye anayataja ya wenzake. Si mtu mbaya wa kuzaliwa. Alianza na gari lile moja, akila nasi ugali wa muhogo kwenye sufuria moja. Halafu akaweka kiyoyozi, akanunua simu kubwa, na akaanza kuona aibu wageni wakisikia habari za kitunguu. Siku moja alituita. "Mambo ya salamu kwa baiskeli yamekwisha," akasema. "Dunia ni mtandao. Kuanzia leo anayewasiliana na geti ni mimi. Nikisema nendeni, ni kwamba nimeshaongea."

Baba Anjela akamuuliza, "Na usipopata mtandao, bosi?"

"Wewe endesha, Bonifasi. Kuongea niachie mimi."

Tukamwachia. Angalieni hapo, wanangu. Kamba tuliyokuwa tunaishika wenyewe tukamkabidhi mtu mmoja, ashike kwa mkono uleule wenye simu.

Haikupita muda wakaja kina mama wa Makote. Kikundi chao kimeuza korosho, jembe bado halijaanza, wakasema, kila mwaka wazungu wanapita hapa kwenda kutazama wanyama wetu, sisi tunawajua kwa kuvamiwa na nguruwe tu. Mwaka huu tunakwenda na sisi. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Wageni wangu wa kwanza nisiohitaji kuwaeleza kisamvu ni nini! Nilipanga safari ile kama namtoa mwali. Nikawaambia, leteni khanga za kufunika vichwa kwa vumbi, leteni ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, inatuliza tumbo njiani. Madumu sikuwaambia. Walikuja nayo wenyewe, kila mama na lake, manjano, yamefungwa kamba. Fulko alitoka nje akayaona.

"Haya ya nini? Mnakwenda hifadhini au kisimani?"

Bi Somoe akamjibu, "Baba, mtu anakwendaje asipopajua bila dumu?"

Watu walicheka mpaka barabarani. Baba Anjela akayafunga juu ya gari moja moja, kwa heshima, kama anavyofunga masanduku ya wageni. Alipomaliza akamwendea Fulko. Mimi nilikuwa pembeni naweka sufuria, nikasikia kila neno.

"Bosi, umeongea na geti?"

"Nimeongea."

"Issa anasemaje?"

"Anasema karibuni."

Hayo ndiyo maneno. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

Njia nzima ilikuwa nyimbo. Mama mmoja aliona kundi la pofu wanakula majani akasema, "Kumbe ng'ombe wa huku hawana wenyewe!" Bi Somoe alisinzia tangu tulipoacha mikorosho, mdomo wazi, na kila gari likiruka anasema "amina". Kijiji cha mwisho tuliwapungia watu mkono. Zamani tungesimama kuuliza. Hatukusimama, tulishaambiwa karibuni.

Tukafika mtoni. Jua limesimama utosini, mbingu safi kama sahani iliyooshwa. Ng'ambo boriti imelala, kibanda kimefungwa, mlingoti uko juu na kitambaa kipo. Cheupe. Baba Anjela alishuka na fimbo yake, akavuka kwa miguu mpaka karibu ukingo wa pili akichoma mchanga, kama alivyofanya kila safari, akarudi. "Mchanga mgumu. Kitambaa cheupe. Ila simwoni Issa na doa lake."

Nikamwambia, "Ijumaa leo. Wamekwenda kuswali."

"Haya basi," akasema. "Tusiwakatishe swala."

Tukaingia mtoni. Na pale katikati, kwenye kona ileile, maji yakawa yanachungulia. Msikie kelele! Kina mama walisimama ndani ya gari. "Medi! Medi!" Maji, maji! Mmoja akauliza, "Haya hayana mwenyewe? Yamekaa tu?" Baba Anjela akazima gari, akageuka akanitazama, meno yote nje. "Mama Zuhura, leo umeleta ukoo mzima kusalimia msiba."

Walichota wakiimba. Walinawa nyuso, walirushiana. Mama mmoja mzee kuliko mimi alilala kifudifudi akanywa kama mtoto. Mimi nilijiweka mwisho, maana mwenyeji hachoti kabla ya wageni, nikaenda kidimbwi cha mbali kidogo. Hapo ndipo niliposikia kuni zinavunjika.

Kilichofuata mmeshasoma. Mguu ulivunjwa na gari lenyewe, liliponipitia likiwa limepinduka. Kina mama wote walitoka, wengine wamebaki na khanga moja. Tulikaa ukingoni tukimwita Baba Anjela mpaka sauti zikaisha, na ng'ambo pale geti halikufunguka. Hakutoka mtu. Juu ya mlingoti kitambaa kilikuwa kinapepea, cheupe, juu ya mto umejaa pomoni.

Nikiwa bado nimelala nyumbani na mguu juu ya mto wa pamba, alikuja Issa. Nilimjua kwa doa. Alikaa kwenye mkeka, chai haigusi.

"Mama Zuhura, sisi tulishahamishwa."

"Lini?"

"Kabla korosho hazijaanza kuokotwa. Geti limefungwa. Wamefungua jipya upande wa pili, karibu na lami. Kituo cha juu kiliita siku ile, Mama. Kiliita kwenye redio yetu, na redio iko stoo huku getini kwetu kupya, imezimwa."

"Na Fulko hakujua?"

Akatazama mkeka. "Nilimwambia mimi. Uso kwa uso, pale Masasi, anakula chipsi. Nikamwambia, bosi, Mkavu pamekwisha, wageni wako wazungushe huku kupya. Akasema sawa, akaomba pilipili."

Kuzunguka kule ni safari ya kutwa nzima, na kina mama wa Makote walishafika mlangoni kwake na madumu. Badala ya kuwaambia rudini, njooni siku nyingine, akasema karibuni kwa mdomo wa Issa, ambaye hakumpigia.

Nikamuuliza, "Na kitambaa?"

Akaanza kuchomoa ukindu wa mkeka kwa kidole.

"Issa. Kitambaa."

"Mkuu wetu, Bwana Matei, alisema tupakie vitu vya maana tu. Nikamuuliza, na kile juu? Akasema kiache, kitaoza chenyewe, gari linasubiri."

"Na wewe mikono yako ilikuwa imeshika nini, Issa? Kamba ilikuwa mita ngapi kutoka kwako?"

Alilia. Nilimwacha alie, halafu nikampa chai nyingine, ya moto. Nasema ukweli, simchukii. Lakini sikumwambia "si kosa lako", na sitamwambia. Ni yeye peke yake aliyekuja. Hilo namhesabia.

Fulko aliitisha kikao ofisini, mimi nikabebwa. Bwana Matei naye alikuja na viatu vinavyong'aa. Wakazungumza vizuri sana. Wakasema gari lisingesimama mtoni lisingepata madhara. Wakasema dereva alikosa umakini. Bwana Matei akaongeza, na wenzetu wa juu nao wana mapenzi yao na maji, akatabasamu, na watu wawili watatu wakacheka. Utani wa Baba Anjela, ule tuliokuwa tunakula nao njia nzima, ukatumika kumzika mara ya pili.

Nikasema, "Tulisimama chini ya kitambaa cheupe. Miaka yote tumesimama chini ya kitambaa cheupe."

Fulko akasema, "Mama Zuhura una maumivu, pumzika."

Sasa ninyi wawili mliokuja na simu, hili ndilo jibu lenu. Mwanzoni mwa mwaka nilimwomba mtu mwenye pikipiki anipeleke. Nilitaka kuona. Pale njia panda kibao bado kinaelekeza mtoni. Boriti imeliwa na mchwa. Kibanda hakina bati. Na mlingoti upo, na juu yake kuna kipande kimebaki, kimechanika, kimefifia. Lakini ukisimama ng'ambo yetu na jua machoni ni cheupe. Kinasema pita. Wageni wenu wangepita.

Msiende. Mkitaka kwenda hifadhini zungukeni geti jipya, na hata hilo msiliamini mpaka salamu irudi. Tafuteni mtu anayetoka huko, mwenye mzigo. Na popote mtakapovuka, mkiona maji safi na mna chombo kitupu, chukueni, si dhambi. Lakini kwanza mjue nani ameshika kamba ya kitambaa siku hiyo, mumwone kwa macho, ana doa au hana.

Anjela yuko Chidya na mama yake. Msichana mzuri, ana kicheko cha baba yake. Kisimani wanamwita binti wa dereva mzembe. Aliniuliza, "Mama Zuhura, ni kweli baba aliwaua watu kwa uzembe?" Hakufa mtu mwingine, mwanangu. Aliyekufa ni yeye, na Bi Somoe anabangua korosho kwa mikono aliyoisukuma yeye nje ya gari. Nilimwambia hivyo. Lakini neno langu si la kikao.

Kwa hiyo Fulko, najua utaletewa karatasi hizi. Na wewe Bwana Matei. Sitaki pole zenu, na sanda mlishanunua. Nataka mpande gari, mwende Chidya, mkae kwenye mkeka wa nyumba ile mchana watu wakiwapo, na Issa awepo, na mimi nitakuja na fimbo yangu. Halafu Anjela atawauliza swali moja tu, nami nimemfundisha namna ya kuliuliza taratibu ili msiseme hamkusikia: siku baba yangu anavuka Mkavu, kitambaa kile kilikuwa kinamwambia nini, na nani alikiacha juu kiseme hivyo?

Mjibuni yeye.